Jasho Chini ya Joho

Joho lilikuwa linamsumbua. Mtu aliyeshinda na kaptura karibu kila siku kwa miaka 35 alikuwa amevikwa vazi refu la kitaaluma na kusimamishwa mbele ya umati, na mapema kabisa akawauliza wahitimu kama na wao hushinda hivyo kila siku hapo chuoni, maana yeye kutembea nalo aliona taabu. Watu wakacheka. Ilikuwa tarehe 9 Juni 2024, kwenye uwanja wa majani ulio katikati ya Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Msemaji alikuwa Roger Federer, Mswisi mwenye mataji 20 makubwa ya tenisi ya mmoja kwa mmoja.

Huku kwetu mtu wa aina hiyo huitwa mgeni rasmi, na mgeni rasmi tunamjua. Anafika jua limeshapanda. Anafungua faili, anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia tena jina kwa jina. Anatoa nasaha: someni kwa bidii, epukeni makundi mabaya, ninyi ndio taifa la kesho. Katika mahafali moja ya kidato cha sita niliyoalikwa, kijana aliyekaa mbele yangu aliikunja ratiba ya sherehe ikawa pepeo, akaikunja tena ikawa ndege, na hotuba ilikuwa haijafika nusu. Mgeni yule hakusema neno hata moja la uongo. Alichokosa ni ufundi.

Ndiyo maana hotuba hii ya Hanover, yenye takriban dakika 25, nimeirudia mara nyingi. Mara ya kwanza niliisikiliza kama wengine, nikacheka palipochekesha. Kuanzia mara ya pili nilikaa na daftari, kama mtu anayekaa kwenye benchi la karakana ya seremala bila kuwa na meza wala kitanda cha kutengenezesha, kaja tu kuangalia mikono. Nilitaka kuona kipi kinaunganishwa na kipi, kinatangulia nini, na mbona viungo havionekani.

Kazi ya kwanza ya fundi huyu ni kushuka. Mtu maarufu akipanda jukwaani ana tatizo ambalo mwalimu wa kawaida hana: wasikilizaji wameshamweka juu mno, na maneno ya mtu aliye juu mno husifiwa halafu yakaachwa hukohuko juu. Tena palikuwa na jambo la kuona haya kidogo. Vijana waliokuwa mbele yake walikuwa wamesota na vitabu kwa miaka. Yeye aliacha shule akiwa na miaka 16 ili acheze tenisi muda wote, na siku hiyo chuo kilikuwa kinampa udaktari wa heshima. Waswahili husema mficha uchi hazai, naye hakuficha. Alisema mwenyewe kwamba katika maisha yake yote hiyo ilikuwa mara ya pili tu kukanyaga chuo, kwamba alikuja kutoa hotuba na sasa anarudi nyumbani akiitwa Dakta Roger, na kwamba katika ushindi wake wote huo ndio ambao hakuutarajia kabisa. Neno ambalo wengine wangelisema pembeni likawa limeshasemwa na mwenye nalo, na limeshachekewa.

Kisha akashuka ngazi nyingine. Akasimulia hotuba yake ambayo pengine ndiyo mbaya kuliko zote. Alikuwa na miaka 17, ndiyo kwanza kaitwa timu ya taifa ya Uswisi, akatakiwa aseme machache. Woga ukamkaba, akatoa maneno manne tu ya kusema kwamba amefurahi kuwa pale, tena kwa kudonoa, moja moja. Sasa, akaendelea, imepita miaka 25. Woga bado upo, lakini leo ana maneno zaidi ya manne. Na la kwanza kabisa alilowaambia baada ya hapo ni yaleyale manne: amefurahi kuwa pale.

Kiungo hicho nilikichora mstari katika daftari. Salamu ya kawaida kabisa, ambayo kila mgeni rasmi huitoa na hakuna anayeisikia, imepewa historia kabla ya kutolewa. Kwa hiyo ilipotoka ilisikika. Alichofanya ni kama fundi anayeokota kipande cha mbao kilichotupwa, akakipiga randa, kikawa mguu wa kiti. Na kijana wa miaka 21 aliyekuwa anasikiliza, mwenye woga wake wa usaili wa kazi wiki ijayo, ameshamwona Federer akiwa mdogo kuliko yeye na mwenye ulimi mzito kuliko wake. Ushawishi umeanza kabla ya hoja yoyote kutajwa.

Kazi ya pili ni kutafuta neno moja la kukaa ndani yake pamoja na wasikilizaji. Federer aliacha mashindano Septemba 2022, jijini London, akiwa na miaka 41. Magazeti yakaandika kwamba amestaafu. Pale Hanover akasema neno hilo ni baya, halipendi. Hakuna mtu aliyemaliza chuo akasema kwamba amestaafu chuo. Yeye, akasema, amehitimu tenisi.

Kwa Kiswahili mzaha huo unanoga hata zaidi kuliko ulivyotoka kinywani mwake. Kustaafu kuna harufu ya kiinua mgongo, barua yenye mhuri, na kiti cha barazani. Kuhitimu kuna sauti ya madrasa: mtoto amemaliza msahafu, nyumbani wamepika, na kesho anaanza kitabu kingine. Kwa kubadilisha kitenzi kimoja, mtu wa miaka 42 mwenye utajiri usiohesabika kirahisi alihamia upande wa vijana. Akaendelea kukaa humo. Kama ninyi, akawaambia, nimemaliza jambo kubwa na naelekea jingine. Kama ninyi, bado nalitafuta. Na najua kero ya kuulizwa kila siku kwamba sasa utafanya nini na maisha yako. Akawatajia anavyopitisha siku: kupeleka watoto shule, kucheza sataranji mtandaoni na watu asiowajua, kufagia nyumba kwa mashine. Sentensi mbili zilianza kwa namna moja: kama ninyi. Takriri tuliyofundishwa kidato cha tatu kama pambo la shairi hapa ilikuwa inafanya kazi ya misumari.

Baada ya misumari hiyo akawaambia kuna mafunzo, akayaita mafunzo ya tenisi. Yalikuwa matatu. Hilo nalo ni hesabu ya fundi. Msikilizaji aliyekaa juani na joho anataka kujua safari ina vituo vingapi. Vitatu vinabebeka bila kuandikwa. Kila kimoja alikipa jina fupi: kwanza, wepesi ni hadithi tu, pili, ni pointi moja tu, tatu, maisha ni makubwa kuliko uwanja.

Funzo la kwanza lilijengwa kwa mpangilio ambao ukibadilisha hatua moja linaanguka. Alianza na sifa: watu walizoea kusema kwamba anacheza bila kutumia nguvu, hata jasho halimtoki. Halafu akasema sifa hiyo ilikuwa inamkera. Halafu sababu: ilimpasa afanye kazi kubwa sana ili ionekane nyepesi. Halafu, kabla hajaanza kusikika kama anajisifia bidii, akatoa aibu: kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kulalama, kutukana na kutupa raketi chini. Na aliyemzindua hakuwa malaika. Alikuwa mpinzani, katika mashindano ya Italia, aliyewaambia watu hadharani kwamba kwa saa mbili za mwanzo Federer ndiye wa kupewa nafasi, ila zikishapita hizo, nafasi ni yake yeye.

Angeweza kusema tu kwamba alikosa nidhamu. Badala yake alimwachia adui aseme, akasimama kando kama mshtakiwa anayekubali ushahidi. Neno la kukosoa likitoka kwa mtu asiyekupenda halitiliwi shaka na yeyote. Akalifafanua taratibu: saa mbili za mwanzo kila mtu anacheza vizuri, mwili mwepesi, akili safi, baada ya hapo miguu inatetereka, mawazo yanahama, nidhamu inayeyuka. Hapo ndipo alipoelewa kazi iliyokuwa inamngoja. Akaenda akafanya mazoezi makali, lakini kabla ya mashindano, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Watu walimwona akipasha misuli kivivu siku ya mechi, wakadhani hajafanya mazoezi.

Na hapo, bila kubadilisha sauti, akaihamisha stori kutoka uwanja wa tenisi hadi kwenye maktaba yao wenyewe. Aliitaja kwa jina, Sanborn. Ni mara ngapi, akawauliza, mmeona wenzenu wakizoa alama za A kana kwamba hawasomi, huku ninyi mkikesha, mkinywa kahawa juu ya kahawa, mkilia kimyakimya kwenye kona ya Sanborn? Hilo ni swali la balagha, halingoji jibu, lakini lina anwani. Swali lilelile lingeulizwa na mtu aliyetaja maktaba tu, lisingemgusa yeyote. Kona ya Sanborn ina kiti chake, na miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza bila shaka kuna aliyewahi kukikalia.

Tena hakusahau kuweka tahadhari. Alikubali wazi kwamba kipaji kina nafasi yake. Hatasimama pale adai kwamba hakina. Ila kipaji ni kipana. Nidhamu ni kipaji, uvumilivu ni kipaji, kujiamini ni kipaji, na kila mtu hana budi kuvifanyia kazi. Msikilizaji mwenye akili alikuwa tayari kunyoosha mkono kumpinga kwamba wewe ulizaliwa hivyo. Mkono ukabaki magotini.

Funzo la pili ndilo lenye kazi ngumu zaidi, kwa sababu linataka kuwaambia watu walioshinda kwamba watashindwa, siku yao ya furaha. Mgeni rasmi wa kawaida angesema kushindwa ni sehemu ya maisha, na pepeo za karatasi zingeendelea kupepea. Federer aliingia kwa mlango mwingine. Alieleza kwamba kila shindano la tenisi huisha kwa namna moja: mmoja anabeba kombe, wengine wote wanapanda ndege, wanatazama dirishani, wanajiuliza lile pigo nililikosaje. Kisha akawaomba wafikirie kwamba leo, kati yao wote, ni mmoja tu anayepewa shahada. Tumpigie makofi dada yetu. Ninyi wengine elfu moja, bahati njema mara nyingine.

Kicheko kilichofuata kilikuwa na mwiba. Kwa nusu dakika kila mhitimu aliishi katika taaluma ya Federer, akiwa na wazazi wake waliokuja kumpongeza, na mikono mitupu.

Hapo ndipo alipoileta fainali ya Wimbledon ya 2008, dhidi ya Rafael Nadal. Wapo wanaoiita mechi bora kuliko zote. Yeye akasema, kwa heshima zote kwa Rafa, ingekuwa bora zaidi kama angeshinda yeye. Alikuwa bingwa mtetezi mara tano mfululizo, anatafuta la sita. Mvua ilikatiza. Nadal alichukua seti mbili za mwanzo, Federer mbili zilizofuata, na ya tano ikaenda hadi giza likakaribia kumeza mistari ya chaki kwenye nyasi, Nadal akaichukua kwa 9 kwa 7. Ilidumu karibu saa tano. Federer akawaambia hatawapitisha pointi kwa pointi, maana wangekaa hapo kwa saa nyingi.

Mashabiki wote hukumbuka giza lile la mwisho. Fundi akageuza ubao. Akasema anavyoona yeye, mechi hiyo aliipoteza kwenye pointi ya kwanza kabisa. Alitazama ng'ambo ya wavu, akamwona mtu aliyemchakaza wiki chache kabla katika fainali ya Ufaransa, akawaza: huyu pengine ana njaa kuliko mimi. Hadi seti ya tatu ndipo alipokumbuka kwamba yeye ndiye bingwa, na kwamba hizi ni nyasi zake. Akawa amechelewa. Nilipotafuta takwimu za mechi hiyo nikakuta Nadal alishinda pointi 209, Federer 204. Tofauti ya pointi tano katika karibu saa tano. Mtu akisema kwamba alianza vibaya kidogo, kidogo hicho ndicho kilichoamua.

Sasa ndipo linapokuja jambo ambalo lilizunguka dunia baada ya siku ile, na ambalo nimelitazama kwa karibu kuliko mengine yote. Ni namba. Alisema katika maisha yake alicheza mechi 1,526 za mmoja kwa mmoja, akashinda karibu asilimia 80. Kisha akawauliza: mnadhani nilishinda asilimia ngapi ya pointi katika mechi hizo? Akaacha kimya. Jibu: 54 tu.

Tuanze na 80. Kumbukumbu za tenisi zinaonyesha alishinda mechi 1,251. Gawa kwa 1,526, unapata karibu 82. Msemaji mwingine angeipandisha namba yake, au walau angeitaja yote. Huyu aliipunguza. Sababu ya kwanza ni sikio: 80 inakaa kichwani mara moja, 82 inahitaji kalamu. Sababu ya pili ni kwamba 80 haikuwa bidhaa inayouzwa. Ilikuwa ukuta wa kuegemezea 54, na kuta hazipambwi kuliko picha.

Tazama pia mahali alipoiweka. Namba hiyo ingeweza kuwa mlango wa hotuba; wengi wetu tungeianza nayo, maana ndiyo inayoshangaza. Yeye aliiweka baada ya Wimbledon, baada ya ndege na dirisha, baada ya shahada moja kwa watu elfu. Aliyekuwa anasikiliza alikuwa ameshashindwa mara mbili moyoni kabla ya kupewa hesabu yake. Taharuki ile fupi kati ya swali na jibu ilimlazimisha kila mmoja akisie kimoyomoyo. Mtu akiambiwa namba huisahau. Akishaikisia na kukosea, haimtoki, kwa sababu inakuwa kosa lake.

Na maelezo yake ni mepesi kwa anayejua kanuni. Pointi hutengeneza gemu, gemu hutengeneza seti. Gemu ikiisha, hesabu inarudi sifuri; pointi ulizopoteza ndani yake haziendi nawe. Katika kila pointi 100 Federer alimpita mpinzani kwa nane tu, lakini nane hizo zikisambaa kwenye gemu baada ya gemu, zinalea ushindi mwingi. Ukipoteza karibu pointi moja katika kila mbili, alisema, unajifunza kutokaa na pigo lililopita.

Hapo takriri ikarudi, safari hii ikiwa nzito zaidi. Nimekosea kuanzisha mpira mara mbili: ni pointi moja tu. Nimeusogelea wavu nikapitwa tena: ni pointi moja tu. Hata pigo la ajabu linalooneshwa kwenye televisheni: nalo ni pointi moja tu. Sikiliza mpangilio. Mbili za mwanzo ni za makosa, na msikilizaji ameshazoea kwamba maneno hayo ni dawa ya maumivu. Ya tatu ni ya sifa, na dawa ileile inageuka kuwa lijamu. Sentensi ni karibu ileile. Kilichobadilika ni kinachotibiwa.

Nina neno moja la kuuliza kwenye benchi langu. Tenisi ina rehema ambayo maisha hayana kila mara: gemu ikiisha, ubao unafutwa. Kijana anayepoteza kodi ya chumba mwezi huu hafutiwi ubao mwezi ujao. Lakini fundi hakudai kwamba makosa hayana gharama. Alisema unapocheza pointi ni jambo kuu kuliko yote duniani, na ikishapita, imepita. Anayedaiwa kodi naye atahitaji akili iliyotulia kuitafuta ya mwezi ujao, kwa hiyo nimeliacha swali langu pembeni ya ukurasa, sikulifuta wala sikulipigia mstari.

Funzo la tatu lilianza na utepe wa kupimia. Uwanja wa tenisi ya mmoja kwa mmoja, alisema, una futi za mraba 2,106. Kwa vipimo vyetu ni karibu mita za mraba 196. Akaulinganisha na vyumba vitatu au vinne vya bweni lao moja, akilitaja jina. Alitaka neno maisha liwe kubwa, kwa hiyo alianza kwa kulionyesha jambo dogo kwa kipimo chake halisi. Kisha akatoka nje ya mistari: familia, timu iliyokuwa nyuma yake, na taasisi yake ya hisani aliyoianzisha akiwa na miaka 22. Mama yake ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na taasisi hiyo inasaidia elimu ya watoto wadogo kusini mwa Afrika.

Sehemu hii ndiyo yenye hatari kuliko zote. Tajiri anayesimulia misaada yake Afrika huteleza haraka, na sisi wa huku tuna masikio makali kwa kuteleza huko. Federer alijiokoa kwa kujiweka tena mahali pa asiyejua. Alisimulia alivyojaribu kuwasomea watoto hadithi katika lugha mojawapo ya Lesotho. Kisha akasimulia siku alipofika kijijini Zambia, akawauliza watoto tenisi ni nini. Mmoja akajibu: si ule wa mezani, wenye vibao? Ikabidi bingwa wa Wimbledon achukue chaki achore uwanja ubaoni.

Wahitimu wa Dartmouth walicheka kuliko msikilizaji wa kawaida anavyoweza kuelewa. Chuoni kwao kuna mchezo uitwao pong, wa meza, vibao na vikombe vya bia, ambao wanaupenda kupita kiasi. Federer alikuwa ameutaja mapema, akautaja tena katikati ya huzuni ya Wimbledon kana kwamba ubingwa wake ni mkubwa kuliko kombe lolote, na sasa akaukuta Zambia. Pong tena, akasema. Upo kila mahali. Mzaha ule alikuwa ameuacha umelala kwenye benchi tangu mwanzo kama kabari ndogo, na alipofika kwenye kiungo kinachoweza kupasuka akauchukua akaugonga hapo. Mtoto wa Zambia hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mtu mwenye jibu, tena jibu ambalo kila aliyekaa pale angelitoa.

Na hapo ndipo nilipoelewa kazi iliyofanyika kabla ya tarehe 9 Juni. Mtu hawezi kukisia Sanborn. Hawezi kukisia jina la bweni, biskuti za bwalo la chakula alizozitaja pia, wala uzito wa pong katika moyo wa kijana wa Hanover. Vitu hivyo huulizwa, huandikwa, hupangwa, vingi hutupwa, na vinavyobaki hurudiwa hadi vitoke mdomoni kama vimekuja vyenyewe. Yeye, na yeyote aliyemsaidia kuandika, walifanya mazoezi mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Hotuba iliyosema kwamba wepesi ni hadithi ilikuwa yenyewe inasikika nyepesi.

Alipokaribia mwisho alishika raketi, akiwa bado na joho lake, akawapa funzo la mwisho, la kweli safari hii. Kwa pigo la mkono wa mbele, shika mpini hivi; viachanishe kidogo vifundo vya vidole; usiukabe. Kuhama kutoka pigo la mbele kwenda la nyuma kuwe rahisi. Kila kitu kinaanzia miguuni, na kuuvuta mkono nyuma kabla ya kupiga ni muhimu sawa na kuumalizia baada ya kupiga. Kisha akawaambia kwamba hapana, hii si sitiari. Ni ufundi mzuri tu.

Kwa dakika zaidi ya 20 alikuwa amewafundisha kusikia maisha ndani ya kila neno la tenisi. Masikio yao yalikuwa yameshapata mazoea, na bila shaka walianza kuipa maana ya maisha ile raketi isiyokabwa na mkono unaovutwa nyuma kwanza. Akawakatalia kwa uso mkavu. Nadhani alikuwa anatania, na nadhani pia alikuwa anasema kweli: mpini unashikwa hivyo. Kabla ya kushuka aliwaomba wakimwona barabarani miaka 20 au 30 ijayo, awe na mvi au awe hana nywele kabisa, wamsimamishe wamwambie kwamba wao ni wa darasa lake, darasa la 2024.

Nilipofunga daftari nilirudi kwanza kwenye ukurasa wa mwanzo. Nilikuwa nimeandika: miaka 17, maneno manne. Mstari wa chini yake: miaka 25 baadaye, dakika 25. Nikagawa, ikatoka dakika moja kwa kila mwaka.